Sabuni ya Zilpah na Mdomo wa Okok

Kama hukuwahi kugombezwa na Zilpah, basi wewe hukufanya kazi katika hospitali yetu. Mimi alinigombeza siku yangu ya kwanza, kabla hata sijamwambia jina langu, kwa sababu niliingia thieta na viatu vya nje. "Wewe kijana mrefu," akaniambia, "hayo matope umeyatoa Homa Bay yote hiyo uje utupakie hapa?" Nikarudi nje mbio. Nilikuwa nimesomea kazi ya kulaza wagonjwa usingizi miaka mitatu, nina cheti chenye muhuri, na yule mama hata hakukitazama.

Zilpah ndiye aliyekuwa mtunza vyombo vya upasuaji. Mwili mnene kidogo, miguu ya haraka, miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Kwao ni upande wa Asumbi, kwa hiyo sisi tuliozoeana naye tulimwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, na ukimwita hivyo wakati amekasirika unaongeza kosa. Hakuwa daktari. Shule aliachia darasa la saba. Lakini daktari yeyote aliyeingia pale alijua kwamba kisu hakigusi ngozi mpaka Zilpah amalize kuhesabu, na ukimharakisha anaanza upya kutoka moja, tena polepole zaidi, ili ujifunze.

Vyombo vyetu miaka ile ya tisini vilikuwa vya msaada. Vinakuja kwenye makasha kutoka ng'ambo, vizee vitupu, vingine vimeshafanya kazi mpaka vimechoka kabisa huko vilikotoka. Zilpah alivipa majina. Kulikuwa na mkasi ulioitwa Shemeji, kwa sababu haukati kitu ila unapiga kelele. Na kulikuwa na koleo moja jembamba la upasuaji wa mgongo, lenye shingo ndefu na mdomo mdogo mwishoni wa kumega na kuchomoa. Hilo aliliita Okok, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni akidonoa wadudu. Ukiliona lilivyoinama kwenye trei unakubali mara moja.

Sasa nikwambie habari ya sabuni, maana hapo ndipo mimi niliponaswa.

Kila ilipokaribia siku ya upasuaji mkubwa, Zilpah alichukua mche wa sabuni ya kufulia, akalainisha upande wa juu kwa kisu mpaka ukawa laini kama meza. Kisha akachukua kila chombo kizee, akabonyeza ncha yake kwenye sabuni mpaka ikaacha alama kamili: meno, pembe, mkunjo, kila kitu. Pembeni ya kila alama akachora jina kwa sindano. Baada ya hapo akaviosha vyombo vile, akavisugua kwa brashi na kuvipeleka kwenye mtungi wa mvuke kuua vijidudu. Sabuni yenyewe akaiweka kwenye mkebe wa bati, dirishani kwenye chumba cha kunawia.

Tulimcheka, yawa! Mimi ndiye nilikuwa mbele kwa kucheka. Nilimwambia, "Mama, hivi vyombo vinaenda kupigwa picha ya kitambulisho?" Akanijibu bila kugeuka, "Wewe laza watu, mimi niachie vyangu." Miaka mitatu nilicheka, na miaka mitatu hakuna kilichovunjika.

Siku moja tukinywa chai, mwenyewe akanieleza alikoitoa tabia hiyo. Alipokuwa msichana aliishi na shangazi yake Migori mjini, akawekwa kujifunza ushonaji kwa Mahmud, fundi cherehani aliyekuwa na duka karibu na msikiti. Siku moja sindano ya cherehani ikamvunjikia Zilpah katikati ya kazi. Akaokota kipande kimoja, kile kingine hakukiona, na kwa kuogopa kukaripiwa akanyamaza. Akatia sindano mpya, akaendelea. Ile nguo ilikuwa gauni la Kultum, binti wa Mahmud mwenyewe, mtoto wa miaka sita. Siku ya tatu mtoto akakaa chini kwa kishindo, ncha ikamwingia pajani. Wakapasua mara mbili wakiitafuta, hawakuipata. Kultum akakua na ile ncha ndani, na siku za baridi alikuwa akichechemea.

"Mahmud akakufukuza?" nikamuuliza.

"Nilifunga nguo zangu nikingoja anifukuze," akasema. "Hakunifukuza. Alinipa kipande cha sabuni. Akaniambia kuanzia leo kila sindano kabla ya kuitia kwenye cherehani unaibonyeza hapa. Ikivunjika unapanga vipande kwenye alama yake, na nguo haitoki dukani mpaka sindano itimie. Nilikaa naye miaka minne baada ya hapo. Kila siku nilimwona yule mtoto akipita."

Akamaliza chai yake akasimama akaenda kukunja vitambaa. Mimi nikabaki pale na kikombe. Lakini binadamu ni binadamu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshasahau, nikarudi kwenye utani wangu wa vitambulisho.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa tano, akaletwa Mirumbe. Huyu alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Kehancha, Mkuria, umri haujafika thelathini na tano, mabega mapana. Alikuwa amenyanyua mafurushi ya tumbaku siku nzima kuyapakia kwenye lori, na lile la mwisho likamshinda. Kitu kiliteguka kiunoni. Kwa miezi miwili mguu wa kulia ulikuwa unakufa taratibu, na alipofika kwetu alikuwa hawezi kusimama hata kuoga. Mkewe, Kezia, alikuwa anamgeuza kitandani, na ilikuwa inamuaibisha Mirumbe mpaka akawa hasemi na mtu.

Daktari Ombui alikuwa anakuja kwetu kutoka Nairobi mara moja kila miezi mitatu kushughulikia migongo. Mtu mfupi, mpole akiwa nje, mkali akivaa glavu. Akamtazama Mirumbe, akasema kile kitu laini kinachokaa kati ya pingili mbili za mgongo kimechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Atafungua, atakimega kwa Okok, mshipa upumue. Kesho asubuhi.

Kezia akamfuata Zilpah mpaka mlangoni pa thieta, akamshika mkono. "Mama, atatembea?"

"Sijui," akasema Zilpah. Alikuwa hajui kudanganya, hata pale ambapo ungetamani adanganye. "Daktari ndiye anajua, na Mungu. Mimi ninachoweza kukuahidi ni kimoja. Kitu chetu hakitabaki ndani yake."

Kezia hakuelewa maneno hayo, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Jioni ile ile mimi nilikuwa na janga langu. Daktari Ombui hakupenda kuona koti chafu, na koti langu lilikuwa na rangi ya maji ya ziwa baada ya mvua. Sabuni hakuna. Barabara ilikuwa imekatika, kantini ilikuwa haina kitu zaidi ya viberiti, na majirani wangu wote walikuwa wakiazimana mapovu. Nikazunguka, nikazunguka, nikajikuta kwenye chumba cha kunawia. Mkebe ule hapo dirishani. Nikaufungua. Mche mzima, mpya, umelala unanitazama!

Nikajiambia: ni sabuni tu, Elijah. Nikachukua uzi wa kushonea, nikakata nusu. Nusu moja nikairudisha, nikafunika mkebe vizuri. Nusu nyingine nikaenda nayo nyumbani, na kwa kuwa namwogopa yule mama kuliko shetani, nikafua kwa kusugua upande wa chini tu, zile alama za juu nisiziguse, nia yangu ikiwa kuirudisha alfajiri niiunganishe kabla hajaona. Mpango mzuri kabisa. Ila asubuhi nikachelewa kuamka, nikakimbia kazini na koti bichi, nusu ya sabuni nikaiacha nyumbani ndani ya beseni pamoja na soksi zangu.

Saa tatu Mirumbe alikuwa amelala kifudifudi, usingizi umemkolea, mimi niko upande wa kichwa na pumzi yake mkononi mwangu. Daktari Ombui amefungua mgongo. Zilpah yuko mkono wake wa kulia na trei. Liz, nesi wetu wa kupokea na kuleta vitu, amesimama nyuma bila kugusa. Mambo yanaenda sawa. Daktari anaimba kwa pua, na akiimba kwa pua ujue kazi inampendeza. Okok anaingia, anamega, anatoka. Anaingia, anamega, anatoka.

Kisha tukasikia *tk*.

Sauti ndogo tu, ya mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Daktari akaacha kuimba.

"Hakuna mtu kutikisika," akasema Zilpah. Alisema kabla ya daktari. "Liz, zima mashine ya kufyonza. Usimwage kitu, usitupe pamba hata moja. Elijah, mgonjwa wako?"

"Yuko sawa."

"Abaki hivyo hivyo."

Daktari akamtoa Okok taratibu. Taya la chini halikuwepo. Akachukua koleo jingine, akainama, akatafuta dakika mbili tatu bila hata kukohoa, na akatoka na kipande cha chuma kidogo kinachong'aa. "Huyu hapa," akasema, na sote tukashusha pumzi. "Sista, niletee uzi nifunge."

Zilpah hakumpa uzi. Alikiinua kile kipande kwenye mwanga, akakigeuza. "Sijui kama kimetimia, daktari."

"Taya limevunjika, taya nimelipata. Unataka nini tena?"

"Nataka kuona kwenye sabuni."

Daktari Ombui alimtazama juu ya barakoa kwa macho makavu. Akaeleza, kwa sauti ile ya kumfundisha mtoto, kwamba kila dakika mgongo ukiwa wazi ni hatari, na mshipa wenyewe uko pale pale, ukiupapasa bure unaweza kumharibia mtu mguu ambao amekuja kutafuta. Zilpah akakubali yote. Kisha akasema, "Na mbele ya hapo unapochimba kuna mshipa mkubwa wa damu, wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha. Chuma kikisafiri kifike pale, huyu mtu atakufa shambani akipalilia na hakuna atakayejua ni sisi. Liz, lete mkebe."

Mashine ya eksirei tulikuwa nayo, ndiyo, lakini ilikuwa imefungwa kwenye sakafu ya jengo jingine. Huwezi kumbeba mtu aliyefunguliwa mgongo ukapita naye uani.

Liz akauleta mkebe, akaufungua. "Mama," akasema, "sabuni ni nusu. Okok hayupo."

Nilitamani niwe mimi ndiye nimelazwa usingizi. Nikatazama mashine yangu, nikatazama dari. Unajua kuna wakati mtu anaweza kunyamaza na jambo likapita? Wangesema ni panya. Panya wetu walikuwa wanakula sabuni, kila mtu anajua. Daktari angefunga, Mirumbe angeamka, na mimi ningekuwa salama na koti langu jeupe.

Lakini nilikuwa nimeshika taya la Mirumbe mkononi, nasikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Na nikamkumbuka yule mtoto wa gauni.

"Ni mimi," nikasema. "Nusu iko nyumbani kwangu. Kwenye beseni."

Daktari akainua kichwa: "Kwenye beseni?"

"Nilikuwa nafua koti, daktari."

Zilpah hakunigombeza; alimwonyesha Liz mlango kwa kidevu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Liz alikuwa ameshatoka. Nyumba yangu ilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi, si mbali, lakini siku ile ilikuwa mbali kama Kisumu. Daktari akafunika kidonda kwa kitambaa chenye maji safi, akakunja mikono kifuani, akaniuliza kwa upole sana kama kuna kifaa kingine cha thieta nimekwenda nacho nyumbani kupikia.

Liz akarudi anahema. Msichana wa watu aliogopa kuibandua ile sabuni akaharibu alama, kwa hiyo alikuja na beseni zima kichwani, na soksi zangu mbili ndani, moja ina tundu la kidole gumba. Wagonjwa wa uani wote walikuwa wamemwona akikimbia nalo. Akaliweka nje ya mlango, akavaa glavu, akaitoa sabuni kwa mikono miwili.

Zilpah akamkabidhi Liz Okok aliyevunjika na kile kipande. Liz akamlaza Okok kwenye alama yake: akaingia sawasawa mpaka pale alipokatika. Akaongeza kipande: kikakaa. Sote tukanyoosha shingo. Kwenye ncha kabisa ya taya, palibaki kitundu kitupu, ukubwa wa punje ya wimbi.

"Kuna kingine," akasema Zilpah.

"Au kuna sabuni iliyofulia koti," akasema daktari. "Alama imelika. Nitamchimba mtu kwa ajili ya povu?"

Na hakukosea kuuliza. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Ushahidi wote wa yule mama, kazi yake ya miaka, nilikuwa nimeutia maji na kuusugua. Daktari akanigeukia. "Elijah. Sitaki uniapie. Nieleze tu uliisugua vipi."

Nikamweleza. Upande wa chini tu. Juu sikugusa, kwa sababu nilitaka kuirudisha kabla mwenyewe hajaamka, kwa sababu namwogopa. Nilisema yote hayo mbele ya watu.

Zilpah akamwambia Liz asogeze sabuni karibu na taa, asiivushe juu ya vitambaa safi vya upasuaji. Akainama, miwani ikamteremka puani. "Jina nililochora kwa sindano bado lina makali," akasema. "Mchoro mwembamba kama ule ungekuwa wa kwanza kuondoka. Hajagusa juu. Anasema kweli, daktari."

Daktari Ombui akashusha pumzi ndefu. "Haya. Tutafute."

Kwanza Liz akaichuja chupa ya kufyonzea kupitia kitambaa chembamba, tone kwa tone. Hakuna. Akakunjua pamba zote zilizotumika, moja moja, akizihesabu kwa sauti. Hakuna. Basi kimebaki ndani. Daktari akajaza kidonda maji safi, akayafyonza polepole, akaomba taa isogezwe, akainama tena. Jasho likawa linamtoka na Liz anampangusa. Mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo ya Mirumbe, na yangu yalikuwa yanayapita kwa mbali. Dakika kumi. Kumi na tano. Kwenye dakika ya kumi na saba daktari akasema, kwa sauti ndogo, "Nakuona, mshenzi wewe."

Kilikuwa kimejichoma ukutani mwa shimo alilochimba, mbele kabisa, upande ule wa mshipa wa damu. Akakitoa. Zilpah akakipokea, akampa Liz, Liz akakiweka kwenye kitundu.

Kikakaa. Alama ikajaa.

"Ametimia," akasema Zilpah. Akageuka kidogo asionekane, kisha akageuka tena na uzi mkononi. "Sasa unaweza kufunga, daktari."

Kabla hatujamwamsha Mirumbe tukampeleka eksirei. Picha ikatoka safi. Daktari Ombui akaishika dirishani muda mrefu, akamwambia Zilpah asante kwa Kikisii bila kujijua, naye akamjibu kwa Kijaluo, wakaelewana.

Mimi niliandika barua ya kuacha kazi. Ndiyo, niliandika. Niliona heri niondoke mwenyewe kabla matroni hajaniita. Niliibeba mfukoni wiki moja, kila nikimwona Zilpah nangoja aanze, naye anapita anasema, "Habari ya leo, Elijah," basi. Hakugomba. Kwa wiki nzima yule mama hakunigombeza hata mara moja, na sikuwahi kuteseka namna ile maishani mwangu. Matroni hakuniita. Hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa nane, siku ya kliniki, nikasikia watu wanacheka uani. Nikatoka. Mirumbe anapanda ngazi za thieta kwa miguu yake mwenyewe, mguu wa kulia bado mzito kidogo lakini unakanyaga, na Kezia nyuma yake analalamika kwa Kikuria. Begani amebeba katoni.

Zilpah akatokea mlangoni. "Wewe! Nani alikuruhusu kubeba kitu? Shusha! Shusha hapo hapo! Tumehangaika na huo mgongo halafu wewe unaugeuza mkokoteni?"

Mirumbe akashusha, anacheka. "Mama, nilisikia hapa mna shida ya sabuni."

Uani pakawa hapakaliki. Wote walikuwa wanajua habari ya beseni, hata watu wa Kehancha, kumbe. Mimi nikacheka na wengine, nifanyeje. Nilipomtazama Zilpah, machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na wala hayapangusi. Alikuwa anautazama mguu wa Mirumbe, ule wa kulia, unavyosimama.

Baadaye, watu walipotawanyika, aliniita kwenye chumba cha kunawia. Nikajua sasa zamu yangu imefika. Nikatoa ile barua, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa bado kwenye koti langu, nimkabidhi. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia chini ya mkebe kuzuia usicheze. Kisha akafungua katoni, akatoa mche mmoja, akaulainisha upande wa juu kwa kisu, akaniwekea mkononi.

"Daktari Ombui anarudi Jumanne," akasema. "Utabonyeza wewe. Mimi nitasimama hapa nikuangalie."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilimkumbuka Mahmud. Nikamchukua Shemeji kutoka kwenye trei, nikaanza naye. Zilpah akasema nimembonyeza vibaya, nirudie.